Lugha ya Kukabidhiana Zamu: Wauguzi, Kiswahili na Usalama wa Mgonjwa



1.0 Utangulizi

Uchunguzi wa Kiswahili katika uwanja wa tiba umekuwa na njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni elimu ya afya kwa umma. Tanzania ina historia ndefu katika jambo hili, na mfano unaokumbukwa zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwa njia ya redio na vikundi vya kusoma ilizungumza na wananchi vijijini juu ya maji safi, vyoo na malaria kwa lugha waliyoielewa. Njia ya pili ni uundaji wa istilahi. Tangu kuanzishwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na kwa kazi iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maelfu ya istilahi za sayansi yamesanifiwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003 ni matunda ya juhudi hizo.

Kati ya njia hizi mbili kuna uwanja wa tatu ambao haujapewa uzito unaostahili, nao ni Kiswahili wanachotumia wahudumu wa afya wao kwa wao: muuguzi na muuguzi mwenzake, muuguzi na daktari, muuguzi na mtaalamu wa maabara, mkunga na dereva wa gari la wagonjwa. Lugha hii haielekezwi kwa umma, wala haitafutwi katika kamusi. Husemwa haraka, mara nyingi kwa kusimama, kando ya kitanda au katika simu, kisha hupotea. Hata hivyo maisha ya mgonjwa hutegemea maneno hayo kuliko yanavyotegemea bango lililobandikwa ukutani.

Hoja kuu ya mhadhara huu ni kwamba kazi ya istilahi imeshughulikia zaidi majina, ilhali usalama wa mgonjwa katika mawasiliano ya wauguzi umo zaidi katika vitenzi. Kiswahili kina viambishi vinavyotofautisha kwa ukali mkubwa jambo lililokwisha, jambo lililosubiriwa na jambo lililokatazwa. Viambishi hivyo ndivyo vinavyopotea pale taarifa inapohamishwa kutoka mdomoni kwenda kwenye faili. Aidha, Kiswahili kina mitego yake katika nafsi, katika saa na katika adabu. Muuguzi anayeijua huiepuka, na asiyefundishwa huanguka ndani yake bila kujua.

Mifano itatolewa zaidi katika mazingira ya Tanzania Bara, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya kawaida ya wodi. Hali ya Kenya na ya mashariki ya Kongo itaguswa pale inapohusika. Maelezo ya wagonjwa yanayotumika ni ya kubuni, kwa ajili ya uchambuzi wa lugha.

2.0 Muuguzi katika njia panda ya lugha

Neno muuguzi limetokana na kitenzi kuuguza, ambacho nacho kinatokana na kuugua. Katika matumizi ya kawaida si mtaalamu tu anayeuguza. Mtoto anayekaa na mzazi wake mgonjwa naye anauguza, na jirani akiulizwa kwa nini haonekani hujibu kwamba ana mgonjwa nyumbani. Neno hili kwa hiyo lilibeba dhana ya kukaa na mtu anayeugua kabla halijawa jina la taaluma, na dhana hiyo inaeleza vema nafasi ya muuguzi katika timu ya tiba. Daktari hupita katika raundi na kuondoka, mfamasia hutoa dawa dirishani, na mtaalamu wa maabara huona sampuli bila kumwona mwenye sampuli. Muuguzi ndiye anayekaa. Kwa sababu anakaa, habari zote hupitia kwake.

Habari hizo humfikia katika lugha tofauti na huziondoa katika lugha tofauti. Mgonjwa humweleza kwa Kiswahili cha nyumbani, au kwa lugha yake ya asili. Daktari huzungumza naye kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiingereza. Faili huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa mafunzo ya uuguzi na ya udaktari nchini Tanzania hutolewa kwa lugha hiyo. Ndugu wa mgonjwa wanaokuja saa ya kutazama wagonjwa wanataka kuelezwa yaleyale tena kwa Kiswahili. Mashariki ya Kongo mzunguko ni huohuo, ila faili ni la Kifaransa. Nchini Kenya, ambako Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mara nyingi huongezeka lugha ya tatu ya eneo hilo. Popote pale, muuguzi ni mkalimani ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo wala hakufundishwa.

Ukalimani huo huanza na majina ya maradhi. Mgonjwa akisema ana presha, anaweza kumaanisha kwamba aliwahi kuambiwa ana shinikizo la juu la damu, au kwamba moyo unamwenda mbio, au kwamba ana wasiwasi. Ndiyo maana wasemaji wenyewe wamebuni njia ya kupambanua: presha ya kupanda na presha ya kushuka. Wodini neno hilohilo hugeuka kuwa kipimo: "Presha yake ngapi?" Homa nayo huweza kuwa joto la mwili, malaria, au ugonjwa wowote unaomlaza mtu. Kichomi kwa mzee ni maumivu makali ya ubavu, na kwa muuguzi huweza kuwa dalili ya nimonia. Degedege ni mfano mzito zaidi. Kwa daktari ni mtukutiko wa mwili wa mtoto, ambao katika maeneo yetu husababishwa mara nyingi na malaria kali. Lakini katika jamii nyingi za pwani degedege limehesabiwa kwa muda mrefu kuwa maradhi ya peke yake, yenye asili isiyohusiana na malaria, na kwa hiyo wazazi wengine wamempeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji kwanza. Muuguzi anayeandika neno moja la Kiingereza badala ya degedege amefasiri ugonjwa, lakini hajafasiri safari ambayo mtoto ameipitia kabla ya kufika hospitalini.

Mambo haya ya majina yanajulikana, na kamusi zimeyashughulikia kwa kiasi. Yanayofuata hayamo katika kamusi.

3.0 Kitenzi katika kukabidhiana zamu

3.1 Hajapewa na hakupewa

Kila siku, katika kila wodi, wauguzi wanaoondoka huwakabidhi wagonjwa wauguzi wanaoingia. Wenyewe huita tendo hili kutoa ripoti. Ni tendo la kilugha kwa ukamilifu wake, kwani hakuna kinachohama isipokuwa maneno na maandishi, na wajibu juu ya uhai wa watu huhama pamoja nayo.

Chukulia mfano wa mama aliyepata kifafa cha mimba. Mama huyu hutibiwa kwa sindano za magnesiamu salfeti. Katika utaratibu mmoja unaotumika, baada ya dozi ya kuanzia, sindano hurudiwa kila baada ya saa 4. Kabla ya kila sindano muuguzi hutakiwa kuhakikisha mambo matatu: kwamba mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, kwamba goti lake linaruka likigongwa, na kwamba katika saa 4 zilizopita amepata mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Kimojawapo kikikosekana, sindano husitishwa, kwa sababu dawa hiyo ikizidi mwilini huweza kusimamisha pumzi.

Muuguzi anayeondoka anaweza kusema: "Sindano ya saa kumi hajapewa." Anaweza pia kusema: "Sindano ya saa kumi hakupewa." Tofauti ni silabi moja. Kiambishi -ja- katika hali ya kukanusha hakisemi tu kwamba tendo halikutokea. Kinasema pia kwamba bado linatarajiwa. Anayeingia akisikia hajapewa, ameachiwa kazi: aangalie hali ya mama, kisha adunge. Kiambishi -ku- hufunga mlango. Hakupewa ni jambo lililopita, na humfanya msikilizaji mwenye makini aulize: kwa nini? Hapo ndipo atakapoambiwa kwamba pumzi zilikuwa zimeshuka.

Zikihamishiwa kwenye faili kwa Kiingereza cha mkato cha wodini, sentensi zote mbili huweza kuishia katika maneno mawili tu yenye maana ya kutotolewa. Ni haki kusema kwamba Kiingereza kina njia zake za kutofautisha jambo lililochelewa na jambo lililosimamishwa kwa makusudi. Tatizo ni kwamba lugha ya faili ni ya mkato, na mkato huo hukata kwanza vile viungo vidogo vinavyobeba tofauti yenyewe. Muuguzi anayesoma faili saa mbili baadaye hana njia ya kujua kama mama yule amesahauliwa au ameokolewa.

Hali iko hivyo pia katika kukubali. Amepewa hueleza tendo ambalo matokeo yake yangalipo. Alipewa huliweka tendo katika wakati wake na hudai saa itajwe. Ameshapewa huondoa shaka ya anayetaka kurudia. Kiambishi -ka- hupanga matukio kwa zamu: "Alipewa dawa ya malaria akatapika" si sawa na "Alitapika akapewa dawa ya malaria." Katika sentensi ya kwanza huenda mtoto anahitaji dozi nyingine, kwa kuwa aliyetapika muda mfupi baada ya kumeza hurudishiwa dawa. Katika ya pili hahitaji. Orodha ya Kiingereza yenye vitu viwili, dawa na kutapika, haielezi kipi kilitangulia mpaka mwandishi aongeze saa.

Hapa inafaa kukumbuka kazi ya Carol Myers-Scotton. Katika kitabu chake Duelling Languages cha mwaka 1993, kilichotegemea kwa kiasi kikubwa mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza yaliyorekodiwa Nairobi, alionyesha kwamba katika uchanganyaji wa msimbo lugha moja huwa ndiyo fremu na nyingine hutia maneno ndani yake. Wodini husikika ameadmitiwa na amediskajiwa mahali pa amelazwa na ameruhusiwa. Wapenzi wa lugha sanifu huchukizwa na maumbo haya. Lakini tukiyatazama vizuri, mzizi ndio wa kigeni; nafsi, njeo na hali vimebaki vya Kiswahili. Hajadiskajiwa bado ni tofauti na hakudiskajiwa. Kwa maneno mengine, hata muuguzi anayechanganya lugha hukiachia Kiswahili kazi ya kueleza nani, lini na je, limekwisha. Anapoandika faili, hutupa fremu na kubakiza vilivyotiwa ndani yake.

3.2 Nafsi isiyo na uso

Nguvu ya kitenzi cha Kiswahili ina upande wake wa hatari. Kiambishi a- humwakilisha daktari, mgonjwa, mama mzazi, mfamasia na dereva bila kubagua jinsia wala cheo. Tazama sentensi hii, ambayo kisarufi haina kosa lolote: "Alimwambia asimpe mpaka amwone." Nani alimwambia nani? Nani asimpe nani? Nani atamwona nani? Huenda daktari alimwambia muuguzi asimpe mgonjwa dawa mpaka daktari mwenyewe amwone. Huenda pia mfamasia alimwambia ndugu asimpe mtoto dawa mpaka daktari amwone mtoto. Wanaozungumza ana kwa ana hutegemea macho na kidole kutatua utata huo. Katika simu ya usiku macho hayapo.

Kauli ya kutendwa huongeza giza. "Damu imeshughulikiwa" ni sentensi inayotuliza moyo bila kutoa habari. Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kueleza kila hatua: damu imeombwa, sampuli imepelekwa, imepimwa, damu imefika, imetundikwa. Kati ya imeombwa na imetundikwa mgonjwa anayetoka damu anaweza kufariki. Kanuni inayofaa kufundishwa ni rahisi: katika ripoti, mtendaji atajwe kwa jina au kwa cheo, na hatua itajwe kwa kitenzi chake mahususi.

3.3 Saa, usiku na hesabu

Saa ya Kiswahili huhesabiwa kuanzia mapambazuko na machweo, ilhali chati ya dawa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Saa kumi alasiri ni saa 16:00 ya chati. Muuguzi akiandika "saa 10" kwenye kipande cha karatasi, mwenzake anaweza kusoma saa 4 asubuhi. Kosa hilo ni la saa 6, na kwa dawa inayotolewa kila baada ya saa 4 ni zaidi ya dozi nzima. Si lazima kuchagua kati ya mifumo miwili. Inatosha kwamba anayesema ataje kipindi cha siku, na anayeandika atumie tarakimu nne za chati bila kuchanganya.

Usiku nao una utata wa asili. Katika hesabu ya Waswahili wa jadi siku huanza jua linapozama, na kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa wasemaji wengi wa leo, hasa wa bara, usiku wa Ijumaa ni ule unaoufuata. Lugha yenyewe imeshatoa suluhisho, nalo hutumika kila siku katika taarifa za habari: usiku wa kuamkia Ijumaa. Msemo huo haueleweki kwa namna mbili, na unastahili kuingia katika ripoti ya wodi.

Neno kutwa linalotumika katika maelekezo ya dawa lina habari kama hiyo. Kutwa ni kuzama kwa jua. Mchana kutwa ni mchana wote, na mwenzake ni usiku kucha. Anayeambiwa ameze vidonge mara tatu kutwa ana haki ya kuelewa asubuhi, mchana na jioni, akalala usiku mzima bila dawa. Muuguzi aliyekusudia kila baada ya saa 8 alikuwa na jambo jingine akilini.

Mwisho ni namba. Nne na nane hufanana mno katika simu yenye mkwaruzo, na moja ni maradufu ya nyingine. Kumi na sita na sitini huweza kuchanganywa na anayesikia nusu ya neno. Ndiyo maana agizo la mdomo halina budi kurudiwa na aliyelipokea, naye aliyelitoa athibitishe. Kurudia si dalili ya kutosikia. Ni sehemu ya agizo lenyewe.

4.0 Adabu, cheo na onyo

Mwaka 1967 daktari wa Kimarekani Leonard Stein alichapisha makala mashuhuri kuhusu mchezo kati ya daktari na muuguzi. Alieleza kwamba muuguzi hutoa ushauri kwa namna ambayo humfanya daktari aonekane kuwa ndiye aliyeuwaza, na daktari huupokea bila kukiri kwamba ameshauriwa. Makala hiyo ilihusu Marekani ya wakati ule. Lakini katika jamii ya Waswahili mchezo huo hupata viungo vya ziada, kwa sababu mafumbo ni sanaa inayoheshimiwa na kusema wazi mbele ya mkubwa huweza kuitwa utovu wa adabu.

Ukubwa wenyewe una pande mbili. Muuguzi mwenye miaka 50 hupokea shikamoo kutoka kwa daktari aliyehitimu mwaka jana, kisha dakika hiyohiyo hupokea maagizo yake. Kiumri ni mama yake. Kikazi yuko chini yake. Dispensari nyingi za vijijini huongeza tatizo la tatu: wananchi humwita muuguzi daktari, kwa kuwa ndiye wanayemwona akitibu, ilhali akimpigia simu tabibu wa kituo cha afya hurudi kuwa nesi. Mtu mmoja hubadilika cheo mara tatu kwa siku kwa kubadilika kwa namna anavyoitwa.

Katika mazingira haya onyo huja likiwa limefunikwa. "Daktari, yule mama wa kitanda namba 6 leo hajaamka vizuri." Sentensi hii inaweza kuwa habari, malalamiko, au kilio cha kuomba msaada. Anayeijua lugha ya muuguzi huyo ataacha kalamu na kwenda. Asiyemjua ataitikia "sawa" na kuendelea kuandika. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo huelekezwa kwa mgonjwa, lakini inaihusu pia timu inayoficha wasiwasi wake kwa heshima.

Si kweli, hata hivyo, kwamba adabu ya Kiswahili na uwazi ni maadui. Katika mafunzo ya kazi ya pamoja yaliyotolewa Marekani mwaka 2006 kwa jina la TeamSTEPPS, mhudumu hufundishwa kupandisha onyo kwa ngazi tatu: kueleza wasiwasi, kueleza kwamba hana raha na jambo hilo, na mwisho kutamka kwamba ni suala la usalama. Kiswahili kina ngazi hizo bila kuvunja heshima: "Nina wasiwasi na hali yake", "Siridhiki tukiendelea hivi", "Hii si salama, naomba tusimame kwanza." Kitenzi naomba kinachofuatwa na umbo la -e huhifadhi staha yote inayotakiwa. Kinachokosekana katika "naomba umwangalie" si ukali. Ni wakati: "naomba umwangalie sasa." Neno moja la wakati hugeuza ombi kuwa onyo, na hakuna mzee atakayelihesabu kuwa tusi.

5.0 Kutoka mazoea hadi utaratibu

Dunia imekwisha kutambua kwamba mawasiliano ya timu ni sehemu ya tiba. Ripoti iliyotolewa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 1999 ilikadiria kwamba watu kati ya 44,000 na 98,000 walikuwa wakifa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kutokana na makosa ya kitabibu yaliyoweza kuzuilika. Miongoni mwa majibu yaliyofuata ni mpango wa herufi nne, SBAR, uliochukuliwa kutoka kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani na kuingizwa hospitalini na Kaiser Permanente. Msemaji hueleza kwanza hali ilivyo, kisha usuli, kisha tathmini yake, na mwisho pendekezo. Thamani ya mpango huo kwa muuguzi imo katika sehemu mbili za mwisho, kwa kuwa zinampa ruhusa, na hata wajibu, wa kusema anavyoona na anachotaka kifanyike.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Utafiti wa orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 2009, ulifanyika katika hospitali za miji 8 duniani, na mmojawapo ni Ifakara, Tanzania. Kwa hospitali zote kwa jumla, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo haikuwa dawa mpya. Sehemu yake kubwa ni kusema: wahusika wote watajitambulisha kwa jina na kazi yao, mgonjwa na upasuaji vitatajwa kwa sauti, na muuguzi atathibitisha kwa kutamka kwamba vifaa vimehesabiwa. Katika chumba cha upasuaji ukimya umekuwa desturi ya walio chini. Orodha iliwapa zamu ya kuzungumza.

Mkunga wa Afrika alishapata chombo cha namna hiyo mapema zaidi. Mwaka 1972 Philpott na Castle walichapisha patografu yao iliyotengenezwa Rhodesia, nchi inayoitwa sasa Zimbabwe, yenye mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, ili mkunga aliye mbali na hospitali ajue lini ampeleke mzazi. Patografu ilikuwa chati, lakini ilikuwa pia kibali cha kusema. Mkunga hakuwa na haja ya kusema kwamba yeye anadhani uchungu unachelewa. Alisema mstari umevukwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu mwaka 2020, baada ya kubainika kwamba wazazi wote hawafuati mwendo mmoja, lakini somo la kimawasiliano limebaki.

Namna gani mambo haya yanaweza kuwekwa katika Kiswahili? Mfano huu wa simu unatosha, kwa mama yule wa kifafa cha mimba: "Daktari, ni muuguzi wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa kitanda namba 6 anapumua mara 12 kwa dakika. Alipata kifafa cha mimba usiku wa kuamkia leo. Sindano ya mwisho ya magnesiamu alipewa na muuguzi wa asubuhi, saa sita mchana. Naona dawa imemzidi, na kwa sababu hiyo ya saa kumi alasiri hakupewa. Naomba uje sasa. Ninaandaa kalsiamu glukoneti." Hakuna humo istilahi ngumu. Kuna saa yenye kipindi chake, mtendaji aliyetajwa, kitenzi kilichofungwa, sababu, na ombi lenye wakati. Yote hayo ni sarufi ya Kiswahili iliyotumika kwa makusudi.

6.0 Hoja za kupinga

Wapo watakaosema kwamba faili lazima libaki katika Kiingereza, kwa sababu mgonjwa huweza kupewa rufaa kwenda kwa bingwa wa kigeni, na vitabu vya tiba ni vya Kiingereza. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini yanayopendekezwa hapa hayadai faili libadilishwe kesho. Yanadai kwamba muuguzi afundishwe kujua ni nini Kiswahili chake kinasema ambacho mkato wa Kiingereza haukisemi, ili aandike sababu na saa pale kiambishi kinapopotea. Mtu hawezi kufasiri tofauti ambayo hajawahi kuoneshwa.

Wapo pia watakaosema kwamba Kiswahili hakijawa tayari kwa kazi hiyo. Hoja kama hiyo ilitolewa kwa miaka mingi kuhusu mahakama, mpaka mwaka 2021 Tanzania iliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Wodi iko mbele ya mahakama kwa jambo moja: Kiswahili kimo humo tayari, kila zamu, mchana na usiku. Hakingojei kuruhusiwa. Kinangoja kuchunguzwa.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba mawasiliano ya wauguzi katika timu ya tiba ni uwanja halali wa taaluma ya Kiswahili, na kwamba kiini chake ni kitenzi, nafsi, saa na staha, si majina ya maradhi peke yake. Mambo matatu yanafuata. Kwanza, idara za Kiswahili na shule za uuguzi zishirikiane kurekodi na kuchambua ripoti za kukabidhiana zamu, kwa idhini ya wahusika na kwa kuficha utambulisho wa wagonjwa. Data hiyo ni tajiri kuliko mazungumzo mengi yanayokusanywa kwa ajili ya tasnifu za isimujamii. Pili, mitaala ya uuguzi iwe na somo fupi la Kiswahili cha kazi, lenye mazoezi ya kutoa ripoti, kurudia agizo na kutoa onyo. Tatu, vyombo vya ukuzaji wa lugha visiishie katika kusanifu istilahi. Visanifu pia misemo mizima ya kazi, kama vile majina ya hatua za kuomba na kutundika damu, ambayo wauguzi wa Mtwara na wa Mwanza watailewa kwa namna moja.

Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti anaweza kuanza na swali dogo: katika wodi moja, kwa wiki moja, hajapewa na hakupewa husikika mara ngapi, na kila mara huandikwaje katika faili? Jibu la swali hilo litakuwa na faida kwa wanaisimu, na litakuwa na faida zaidi kwa mama wa kitanda namba 6.